Mfongo na Chekeche Lake: Habari za Maji ya Mlimani

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha jubilii mtasoma habari za maaskofu wetu, za mapadre na masista waliotoka mbali, na za makanisa yaliyojengwa kwa mawe ya mito yetu. Mimi nimepewa kazi ya kuandika juu ya maji. Nimeipokea kwa furaha, walakini na kwa haya kidogo, kwa sababu itakayoonekana mbele. Mfongo ni mzee kuliko misioni, na yeyote aandikaye habari za Kanisa katika mlima wa Kilimanjaro akayaacha maji, ameiacha njia ambayo kwayo watu wamekula, wamekunywa na wamebatizwa.

Msomaji asiye mwenyeji wa mlimani na ajue kwamba mfongo ni mfereji wa udongo. Huanza juu katika korongo, mahali mto unapozibwa kidogo ili sehemu ya maji yake igeuzwe. Kisha hufuata mgongo wa mlima polepole, huku mto wenyewe ukiteremka kwa haraka chini yake. Mwishowe mfongo huwa juu sana kuliko mto ulikotoka, hata mtoto akisimama hapo hudhani ya kuwa maji yamepanda mlima. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, wazee wetu walikuwa wamekwisha kuinywesha migomba yao kwa namna hii vizazi vingi. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa mlimani mwaka 1884, alivisifu vijito hivyo katika kitabu chake. Na Monsinyori de Courmont, pamoja na Padre Le Roy na Padre Gommenginger, walipofika Kilema kwa Mangi Fumba mwaka 1890, hawakuikuta nchi kavu ingojayo kufundishwa maji. Waliikuta nchi yenye mamia ya mifongo, yenye wazee wake, zamu zake na faini zake.

Mahali mto unapozibwa paitwa banio. Banio la zamani lilikuwa la mawe, magogo, matawi, vigogo vya migomba na udongo wenye nyasi. Nikiwa kijana mwenye cheti cha shule nililidharau, nikaliona kama kiota cha ndege kilichoanguka mtoni. Leo sisemi hivyo. Lile banio halikuwa ukuta. Maji yalipenya katikati ya mawe na matawi, na majani ya msituni yakanaswa nje. Mafuriko yalipokuja lilichukuliwa lote, mfongo ukakosa maji siku mbili tatu lakini ukasalimika. Kisha wazee walipiga baragumu, watu wakaenda kwenye msaragambo, banio likasimama tena. Na kwa kuwa lilihitaji kutengenezwa mara kwa mara, halikukaa siku nyingi pasipo mtu wa kulitazama.

Chekeche la chuma ni jambo jingine. Twalijua sote: ni fito za chuma zilizosimamishwa mfululizo, zenye nafasi katikati, zimewekwa kukingama mfereji kabla ya maji kuingia katika bomba, au chini ya barabara, au katika mashine. Kazi yake ni kuyaacha maji yapite na kuzuia takataka. Watu wengi husema, na mimi nilisema, ya kwamba chekeche halichukui kitu, kwa maana maji yote yaliyofika hupita. Hapo ndipo kosa lilipo. Ni kweli kwamba halichukui maji, huchukua kimo.

Yafaa nieleze neno hili. Maji katika mfereji usiofunikwa huenda kwa sababu moja: uso wake mahali yatokako uko juu kidogo kuliko mahali yaendako. Huo ujuu ndio niuitao kimo, nao ndio mali pekee ambayo maji yanayo. Kila kona, kila jiwe, kila mzizi hudai sehemu yake. Chekeche nalo hudai. Maji yakifika mbele ya fito hubanwa katika nafasi nyembamba, hukimbia, kisha yakitoka nyuma yake hujigonga na kuzunguka katika vizingia vidogo, na nguvu iliyopotea katika vizingia hairudi. Basi maji ya upande wa juu hayana la kufanya ila kujikusanya na kuinuka mpaka yapate kimo cha kulipia njia. Ukisimama kando utaona kwa macho yako: mbele ya chekeche maji yako juu, nyuma yako chini.

Ni kiasi gani? Daniel Bernoulli, mtu wa Basel, alichapisha kitabu chake juu ya mwendo wa maji mwaka 1738, nacho kilichapwa Strasbourg, katika nchi ile ile ya Alsace waliyotoka wamisionari wengi wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuja kwetu. Kutokana na kazi yake mafundi hujua kwamba mwendo wa maji waweza kupimwa kama kimo. Maji yaendayo sentimeta 60 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa mfongo mwema, yana kimo cha mwendo kisichofika sentimeta 2. Mwendo ukiwa mara mbili, kimo hicho huwa mara nne, yaani zaidi ya sentimeta 7. Shikeni hesabu hii ya mbili na nne, maana ndiyo iliyonihukumu.

Juu ya chekeche lenyewe, aliyeleta hesabu iliyokubaliwa na mafundi wa nchi nyingi ni Mjerumani Otto Kirschmer, katika chuo cha ufundi cha Munich, mwaka 1926. Aliweka machekeche ya namna nyingi katika mfereji wa majaribio, akapima kimo kabla na baada. Aliona kwamba hasara hufuata mambo manne: unene wa ufito ukilinganishwa na nafasi iliyo kati ya fito, umbo la ufito, jinsi chekeche lilivyosimama au kuinama, na mwendo wa maji yanayolifikia. Unene ukikaribia kuwa sawa na nafasi, hasara huongezeka upesi. Chekeche lililoinama hudai kidogo kuliko lililosimama wima. Na kwa umbo alitoa tarakimu ambazo mafundi huzitumia hata leo: ufito wa pembe nne wenye kingo kali hupewa 2.42, ufito wa mviringo 1.79, na ufito wenye umbo kama samaki, kichwa butu mbele na mkia mwembamba nyuma, 0.76. Yaani chuma kile kile, unene ule ule, nafasi ile ile, lakini kwa sababu ya umbo tu hasara hupungua isifike theluthi. Wazee wetu wasiosoma walijua kwamba samaki hapingi mto kwa kifua. Kirschmer aliitia elimu hiyo katika tarakimu.

Miaka michache baadaye, mtafiti mwingine wa Munich, Spangler, aliongeza habari za maji yanayolifikia chekeche kwa upande badala ya kulikabili. Hapo hasara ni kubwa zaidi. Haya hayakuwa mambo ya kupitisha wakati. Mwenye mashine ya maji hununua nguvu kwa kimo. Maji ya meta kubo 10 kwa sekunde yakipoteza sentimeta 10 mbele ya chekeche, zimekwisha kupotea karibu kilowati 10, mashine haijazunguka. Na maji yetu yanahusika: yale ya magharibi hushuka kwa Kikuletwa na yale ya mashariki kwa Ruvu, yakakutana Nyumba ya Mungu, yakaenda kwa mto Pangani mpaka Hale, penye mitambo ya megawati 21 tangu mwaka 1964, na chini yake Pangani penye megawati 68 tangu mwaka 1995. Jani la mgomba lililokosa kuondolewa kwetu laweza kwenda mbali.

Lakini mtu atunzaye tarakimu za Kirschmer asisahau jambo moja: ni za chekeche safi.

Sasa nifike kwenye haya niliyoitaja mwanzoni. Karibu na kanisa la kigango chetu mfongo hupita chini ya barabara katika kalavati. Katika miaka ile, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila mvua ilileta mifuko, chupa, makumbi na majani, vyote vikaingia katika kalavati vikaliziba, na vijana wakatambaa ndani kwa taabu kuvitoa. Mimi nilisimama baada ya ibada ya Jumapili nikawashawishi Wakristo watoe michango tuweke chekeche. Wakatoa. Akaja fundi, jina lake silisemi, akajenga mdomo wa saruji wenye kuta ndefu, akasimamisha wima fito bapa za unene wa sentimeta 1, na nafasi za sentimeta 1. Tulimsifu kwa kuwa hata kijiti hakikupita. Baba paroko alibariki, nasi tukala ndizi.

Usiku mmoja wa Aprili 2017 mvua kubwa ilinyesha. Alfajiri tukasikia kelele. Ukingo wa mfongo ulikuwa umebomoka kiasi cha meta 40 juu ya kalavati, katika kihamba cha mama mmoja mjane. Maji yalikuwa yamechukua miche yake ya kahawa, yakashuka kwa jirani yake yakalala juu ya mahindi. Kwa desturi ya mfongo kila nyumba hutunza ukingo uliopita kwake. Wazee wakakutana siku ya tatu, na mimi nilikuwa mwandishi wao. Yule mama akasema, “Wazee wangu, ukingo wangu niliushindilia kwa mikono yangu siku ya Jumamosi.” Mzee mmoja akauliza, “Kama uliushindilia, mbona umekwenda?” Hakuwa na jibu. Sisi tuliandika kwamba ametoa udhuru. Akatozwa faini ya mbuzi kwa jirani na debe la mbege kwa wazee, akalipa. Naliandika hukumu ile kwa hati nzuri, nayo ingalipo katika daftari.

Hakuna aliyelitazama chekeche. Tulipofika pale asubuhi lilikuwa safi, maana kijana mpiga kengele alikuwa amekwisha kuondoa majani usiku usiku ili maji yapungue, wala hakudhani kuwa ni jambo la kusimulia.

Ilipofika mvua ya vuli mwaka ule ule, nilikuwa nasimama darajani na mzee mmoja aliyekuwa mchimbaji wa mifongo tangu ujana wake. Majani ya mikrivilea yalikuwa yameanguka kwa wingi yakalala juu ya fito kama ngozi. Akaniambia, “Mwalimu, chomeka kijiti hapa juu, na kingine kule chini ya chuma, utie alama maji yalipofika.” Nikafanya. “Sasa ondoa majani.” Nikaingia nikayaondoa kwa reki. Maji ya juu yakashuka mbele ya macho yetu. Nilipopima kwa rula ya shule, tofauti iliyokuwapo kabla ya kusafisha ilikuwa sentimeta 19. Baada yake ilikuwa vidole viwili vitatu. Yule mzee hakusema neno. Akageuka akatazama juu ya mfongo, upande wa kihamba cha yule mama, akaondoka.

Usiku ule nilikaa na kitabu cha mafundi wa maji nilichoazimwa na mwalimu wa ufundi, nikaijua kanuni ya Kirschmer kwa mara ya kwanza. Fito bapa, unene sawa na nafasi, zimesimama wima, mwendo sentimeta 60 kwa sekunde: hasara ya chekeche safi yapata sentimeta 4 na nusu. Hii peke yake ni nyingi kwa mfongo. Nusu ya nafasi zikiziba, maji yale yale hayana budi kupita katika nusu iliyobaki kwa mwendo mara mbili, na kwa hesabu ya makisio hasara huwa mara nne, karibu sentimeta 18. Nilitazama tarakimu hiyo na alama ya rula yangu, nikafunga kitabu.

Asubuhi nikachukua mpira wa maji kama watumiao waashi, nikapima mteremko wa mfongo. Ulikuwa meta 1 kwa kila meta 500. Basi maji yakiinuka sentimeta 19 mbele ya chekeche, hayainuki pale tu; hulala kama ziwa jembamba kurudi nyuma, kwa makadirio zaidi ya meta 90. Meta 40 juu, sakafu ya mfongo imepanda sentimeta 8 tu, kwa hiyo kuinuka kwa maji hapo hubaki kama sentimeta 11. Na pale kwa yule mama ukingo ulikuwa umezidi maji ya kila siku kwa upana wa kiganja, sentimeta 9. Sababu ya kuwa chini hivyo ni kwamba ndipo mahali wachotapo maji watu wa kitongoji kizima, na miguu yetu sote ndiyo iliyoulaza. Penye chekeche lenyewe hapakumwagika tone, maana fundi alijenga kuta ndefu. Ndivyo yalivyo maji yaendayo polepole: zuio huliona wenye nyumba za juu, na ukingo hauvunjiki lilipo zuio, huvunjika ulipo dhaifu.

Nilikwenda kwa wazee nikawaonyesha vijiti. Wengine walikubali upesi, wengine walisema ya kale yamepita na hukumu ya mfongo haifunguliwi. Mmoja alinikumbusha, kwa haki, kwamba chekeche nililitaka mimi. Mabishano yalichukua majuma mawili. Mwisho jirani mwenyewe, aliyepokea mbuzi, ndiye aliyesema atamrudisha, naye alikuwa amekwisha kuzaa, akarudishwa na mtoto wake. Habari ya mbege haikuzungumzwa, kwa kuwa ilikwisha kunywewa, na mimi nilikuwa mmoja wa walioinywa.

Nikakata jani la sale, kama ilivyo desturi yetu mtu akiomba msamaha, nikaenda kwa yule mama jioni. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, maana katekista hakosi maneno. Nilipofika nikasema tu, “Mama, nimekuja na sale. Ukingo ulikuwa mzima.” Akalipokea jani, akanitazama, akasema, “Mwalimu, niliwaambia.” Kisha akaingia ndani kunitilia uji.

Chekeche lile tuliling'oa mwaka 2018. Lililopo sasa ni la nondo za mviringo za milimeta 12, nafasi zake sentimeta 4, nalo limeinama nusu ya wima na nusu ya kulala, hivyo reki huvuta takataka kwenda juu pasipo mtu kuingia majini. Kwa kanuni, likiwa safi hudai kama nusu sentimeta tu. Vijiti vidogo hupita, navyo havizibi kalavati. Chupa na makuti ya migomba hubaki. Upande wa kushoto tumeacha njia ya kumwagia, ukingo wa mawe ulio chini kuliko kingo zote za mfongo, ili maji yakizuiwa yarudi korongoni yasiingie kwa mtu. Ukingo wa pale wachotapo maji umeinuliwa kwa msaragambo wa kitongoji kizima, kwa kuwa sote ndio tulioulaza.

Yako mambo ambayo chuma kizuri hakikuyaondoa. Jumuiya ndogo ndogo sita hushika zamu ya reki, kila moja juma lake, na katika masika husafisha mara mbili kwa siku, pamoja na usiku mvua ikinyesha. Mwaka wa kwanza zamu ilishikwa vyema. Mwaka wa pili ililegea, ikabidi wazee waweke faini, na safari hii daftari lina nafasi ya kuandika tofauti ya vijiti viwili kabla ya kuandika jina la mtu yeyote. Yule mama ndiye aliyetaka liandikwe hivyo. Naye ni mmoja wa wazee wa mfongo tangu mwaka 2020.

Vijiti vimekwisha kuoza na kubadilishwa mara nyingi. Sasa ni vipande viwili vya bomba vilivyopakwa rangi. Leo asubuhi, kabla ya kuketi kuyaandika haya, nilipita darajani nikatazama. Tofauti ilikuwa vidole vinne, na zamu ni ya jumuiya yetu. Nikaweka daftari chini ya mwavuli, nikashika reki.